Ukifutwa kazi Nairobi: jinsi ya kumpata wakili wa kesi za ajira

Kabla ya kumtafuta wakili, tafuta karatasi zako. Mimi ni karani katika ofisi ya mawakili hapa mjini, na wengi ninaowapokea asubuhi huja na hasira tupu. Hasira haina muhuri. Njoo na barua ya kuajiriwa, karatasi za mshahara, barua za onyo na ile ya kufutwa. Jumbe za WhatsApp usizifute hata zikikuudhi.

Dada mmoja, keshia wa supamaketi, aliletewa barua ya "utendaji duni" wiki chache baada ya kumwambia msimamizi kuwa ana mimba. Barua ilikuwa safi kabisa. Kilichombeba ni ujumbe mmoja wa msimamizi kwenye simu: "Na hiyo hali, utasimama aje kaunta?" Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinakataza ubaguzi wa namna hiyo, na mwajiri ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba hakubagua. Tena hakuitwa kujieleza, ilhali kifungu cha 41 kinasema asikilizwe kwanza, akiwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama.

Sasa wakili. Mtu akikushika mkono nje ya mahakama za Milimani akisema "nina wakili mzuri", pita. Ingia kwenye tovuti ya Chama cha Mawakili Kenya, LSK, utafute jina lake kamili uone kama ana leseni ya mwaka huu. Halafu litafute jina hilo kwenye tovuti ya Kenya Law, kwenye hukumu za Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Utajua kama kesi hizi anazifanya kweli, au ni mtu wa mashamba na talaka. Utajua pia husimama upande gani. Wapo wanaotetea waajiri siku zote. Muulize waziwazi kama amewahi kuifanyia kazi kampuni yako.

Siku ya kwanza, msikilize anauliza nini. Wakili anayeijua kazi hii huanza na tarehe: ulifutwa lini? Kesi ya ajira hufunguliwa ndani ya miaka 3, na mazungumzo na HR hayasimamishi muda huo. Malalamiko kwa afisa wa kazi wa serikali yanatakiwa ndani ya miezi 3. Atauliza mshahara pia, maana ukiwa haukuzidi shilingi 80,000 kwa mwezi, kesi inaweza kusikilizwa na hakimu. Akianza kukuhesabia mamilioni kabla ya kusoma barua yako, chukua mkoba wako. Fidia ya kufutwa isivyo haki haizidi mshahara wa miezi 12. Ya ubaguzi mahakama huweza kuipima kando, lakini lazima uuthibitishe.

Kuhusu pesa: "utanilipa tukishinda tu" ni mapatano yasiyotambuliwa na Sheria ya Mawakili, kwa hivyo usiyajengee matumaini. Uliza ada yote ni ngapi, amana ni ngapi, na gharama za mahakama zimo au hazimo. Yaandikwe. Kila ukilipa, dai risiti.

Huna kitu? Kituo Cha Sheria, shirika la msaada wa kisheria, kiko Ole Odume Road, na wanawake huweza kwenda FIDA Kenya, chama cha mawakili wanawake. Angalia pia karatasi ya mshahara: kama ulikuwa ukikatwa ada ya chama cha wafanyakazi, anza kwa katibu wa tawi, umeshamlipia.

Na HR wakikuwekea ile fomu ya "nimelipwa yote, sina madai", usiitie sahihi hapo mezani. Omba nakala ukamwonyeshe wakili. Wakisema bila sahihi hupati cheti cha utumishi, wajibu kwa upole kwamba cheti hicho ni haki yako chini ya kifungu cha 51 cha Sheria ya Ajira.