Bustani za Nairobi: tembea kiwanja kabla ya kutaja bei

Kazi hii ya bustani niliingia nikiwa na fyekeo moja na panga la kuazima. Nilikuwa nikizunguka mageti ya Lavington na Kileleshwa nikiuliza askari kama mwenye nyumba ana nyasi za kukatwa. Leo tuko wanne, tuna mashine mbili na wateja wa kila mwezi. Mwongozo huu namwandikia kijana mwenye nguvu na mkono mzuri ambaye mwisho wa mwezi hubaki bila kitu, au hubaki na kidonda. Hasara na ajali nimeona zikiingilia mlango mmoja: kutaja bei ya ardhi ambayo hujaikagua. Ndiyo maana hatua ya kwanza nitaikalia kuliko zote.

Hatua ya 1: Zunguka kiwanja chote

Mteja atakusimamisha hapo getini. "Kijana, si unaona ni nyasi kidogo tu? Sema bei." Mjibu kwa heshima: "Mama, nipe dakika ishirini nizunguke, nikupe bei ambayo sitaibadilisha." Mteja mwema hakasiriki. Anayekasirika kwa sababu ya dakika ishirini atakusumbua zaidi siku ya malipo.

Beba tepu ya mita 30, daftari, na kipande cha nondo cha mita moja kilichochongwa ncha. Pima urefu na upana kwa mita, kona zote, halafu toa nyumba, maegesho na njia. Jicho hudanganya, hasa kiwanja kikiwa na miti.

Kisha anza kuchoma ardhi kwa nondo, kila baada ya hatua tano. Ikizama shubiri nzima bila kelele, una udongo. Ikigonga na mkono ukahisi mtetemo, kuna jiwe au saruji. Ikizama inchi mbili ikakwama kila mahali, simama, umwite mwenye nyumba aje ajionee.

Nondo hii nilianza kuibeba baada ya kazi moja Syokimau. Nyumba ilikuwa mpya, uwanja umesawazishwa vizuri, udongo mwekundu umetandazwa juu. Nikakadiria kwa macho: siku mbili za kupanda nyasi. Jembe la kwanza lilizama kidogo, la pili likatoa cheche. Waliojenga walikuwa wamefukia mabaki yao yote pale: vipande vya mawe, saruji iliyoganda ndani ya mifuko, vigae, misumari. Siku mbili zikawa saba, na bei nilikuwa nimeshaitaja. Vijana niliwalipa kwa pesa za kodi ya nyumba yangu, na mmoja wao alikanyaga msumari uliopenya raba ya kiatu.

Angalia pia rangi ya udongo. Upande wa Runda, Westlands na Kiambu Road utakuta udongo mwekundu, nao ni rafiki. Syokimau, Embakasi na Athi River utakutana na ule mweusi tunaouita blakikotoni. Mvua ikinyesha huvimba na kung'ang'ania gambuti. Jua likiwaka hupasuka nyufa za kuingiza kidole, na mizizi michanga hukatika. Ukitaka nyasi zishike vizuri pale, weka udongo mwekundu wa inchi 6 juu yake, na gharama hiyo iingie kwenye bei. Hesabu yake ni nyepesi: uwanja wa mita za mraba 100 mara mita 0.15 ni mita za ujazo 15. Lori la tani 7 hubeba karibu mita za ujazo 5, kwa hivyo ni safari tatu. Mimi huhesabu nne, kwa sababu udongo hushuka ukimwagiliwa maji.

Kisha tazama kivuli. Nairobi iko kusini kidogo tu mwa ikweta, hivyo Juni jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini na Desemba huwa kusini. Kona iliyo na jua leo huenda ikashinda kwenye kivuli cha ghorofa ya jirani nusu ya mwaka. Nyasi za Kikuyu zinataka jua. Kivulini huwa nyembamba, halafu hufa. Mahali kama hapo panda nyasi za pemba. Muulize keteka (mtunza nyumba) au askari wa geti, yeye ndiye ameketi hapo mwaka mzima.

Katika mzunguko huo huo, andika hatari. Waya wa stima ulio juu ya ukuta: je, michongoma imeupanda? Mifuniko ya maji taka iko wapi? Bomba la maji linapita wapi? Nyaya za intaneti nyingi hufukiwa juujuu, na ukiikata moja kwa jembe, mtaa mzima utakujua jina. Kuna mbwa? Kuna nyuki wanaoingia na kutoka kwenye shimo la mti? Gari huegeshwa wapi? Kila jibu lina bei yake. Michongoma ya kayaba, kwa mfano, ina miiba mirefu inayopenya glavu za pamba, na mwiba ukivunjikia karibu na kiungo cha kidole unaweza kuvimba kwa wiki kadhaa. Kazi hiyo inataka glavu za ngozi na mwendo wa polepole, na polepole ni pesa.

Hatua ya 2: Panga bei kutoka chini kwenda juu

Usiulize mwenzako anatoza ngapi. Anza na gharama zako. Huu hapa mfano wa kiwanja cha futi 50 kwa 100, kukata nyasi na kupunguza ua, watu wawili kwa siku moja:

Mishahara ya watu wawili, 2,000. Petroli na oili, 400. Usafiri wa mashine, 600. Kubeba taka, 500. Akiba ya mashine, 300. Vifaa vya usalama na bima, 200. Jumla ni shilingi 4,000. Ongeza asilimia 30 ya biashara, yaani 1,200, upate 5,200.

Mambo mawili hapo vijana wengi huyaruka. La kwanza, ukifanya kazi wewe mwenyewe, mshahara wako umo ndani ya ile 2,000. Ile 1,200 ni ya biashara, usiile. La pili ni akiba ya mashine. Ikiwa umenunua mashine kwa 45,000 na unatarajia ifanye kazi 150 kabla ya kuchoka, kila kazi lazima iache 300. Mimi huzituma jioni hiyo hiyo kwenye akaunti ya akiba, kabla ya kula. Siku injini itakapokufa, utaenda dukani badala ya kwenda kukopa kwa simu.

Mteja akisema bei ni ya juu, punguza kazi, usipunguze bei. "Mzee, kwa 4,500 nitakata nyasi na kusafisha, ua tuuache hadi mwezi ujao." Ukishusha bei na kazi ikabaki ile ile, pesa hizo zitatoka kwenye mshahara wa kijana wako au kwenye glavu zake.

Hatua ya 3: Andika, na uchukue pesa za kuanzia

Ujumbe wa WhatsApp unatosha kwa kazi ndogo. Andika utakachofanya, usichofanya, nani atabeba taka, na lini utalipwa. Weka sentensi hii kila mara: "Tukikuta mawe, saruji au mabomba chini ya ardhi, tutasimama na kukubaliana upya." Sentensi hiyo ingeniokoa kule Syokimau.

Kazi ya kupanda, chukua angalau nusu kabla ya kwenda kwenye kitalu. Miche, magunia ya nyasi na samadi havinunuliwi kwa pesa zako. Wewe si benki ya mteja. Pokea kwa nambari ya till ya M-Pesa, usipokee kwa laini yako ya kawaida, ili pesa za kazi zisichanganyike na za unga.

Hatua ya 4: Siku ya kazi

Kwanza okota. Watu wote mkae mstari mmoja, mtembee uwanja mkiokota mawe, waya, mifupa ya mbwa, vifuniko vya chupa. Dakika kumi. Hapa ndipo niliwahi kuharakisha. Ilikuwa Kileleshwa, nikaacha kuokota kwa sababu mvua ilikuwa inakuja. Brashkata, ile mashine ya kufyekea inayobebwa begani, ilichukua kokoto moja ndogo kama punje ya hindi, nikasikia "tiki", na kioo cha nyuma cha gari la mteja kikawa kama barafu iliyopondwa, kikasimama kidogo, kisha kikamwagika chote. Nyuma ya gari hilo mtoto alikuwa amepita na baiskeli yake muda mfupi kabla. Kioo nililipa kwa miezi miwili. Yule mtoto bado namfikiria.

Tangu siku hiyo brashkata yangu haiwashwi kama kuna mtu ndani ya mita 15, na magari huondolewa au hufunikwa kwa turubai zito. Anayeishika huvaa miwani ya kazi, kinga ya masikio, suruali ndefu na gambuti. Miwani ya jua ya barabarani haifai, huvunjika vipande vikali.

Petroli: injini yenye mipigo miwili huchanganywa na oili. Kama mashine yako inataka 50 kwa 1, ni mililita 20 kwa lita. Kama ni 25 kwa 1, ni mililita 40. Pima kwa chupa yenye alama. Ukikisia kidogo, umeua injini. Moa (mashine ya nyasi ya kusukuma) ya mipigo minne petroli yake haichanganywi na oili kabisa. Usimwage mafuta kwenye injini ya moto. Izime, unywe maji, ipoe. Na kabla ya mkono kugusa kisu cha mashine, chomoa waya wa plagi. Kila mara, hata kama unatoa jani moja lililokwama.

Waya wa stima wa ukutani uzimwe na mwenye nyumba mwenyewe, na mtu asimame karibu na swichi hadi mmalize. Ngazi ya chuma usiilete hapo. Tawi likigusa nyaya za Kenya Power barabarani, liache. Mwambie mteja awapigie. Na kuangusha mti mkubwa jijini kunataka kibali cha kaunti. Omba uone karatasi kabla ya kuwasha msumeno.

Mimea nayo ina yake. Mnyaa ukikatwa hutoa utomvu mweupe, na ukiingia jichoni huunguza vibaya. Kijana wangu mmoja alifuta jasho kwa mkono wenye utomvu huo. Tulimlaza chini tukamwagia maji safi jichoni kwa dakika ishirini huku analia, halafu tukampeleka hospitali. Jicho lilipona. Tangu hapo dumu la lita 20 la maji safi huja na sisi hata kama mteja ana bomba, kwa sababu Nairobi bomba lina siku zake. Baada ya mvua kubwa pia kuna Nairobi flai, yule mdudu mwembamba mwekundu na mweusi. Akitua kwenye ngozi yako, mpulize, usimponde. Sumu yake ndiyo huchoma ngozi.

Dawa za magugu nyunyiza asubuhi bila upepo, soma kibandiko, na hakikisha imesajiliwa na bodi ya kudhibiti dawa za wadudu, PCPB. Chupa tupu itoboe, usimpe mtu aweke maji.

Hatua ya 5: Karatasi

Sajili jina la biashara kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, pata PIN ya KRA, mamlaka ya kodi, na leseni ya biashara ya kaunti. Jifunze mapema kutoa ankara za eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, kwa sababu ofisi na mashirika ya nyumba hayatakupa kazi bila hizo. Mauzo yako yakipita shilingi milioni 1 kwa mwaka, hadi milioni 25, kuna kodi ya mauzo, nayo tangu 2023 ni asilimia 3 ya mauzo yenyewe, wala haiangalii faida. Iweke kwenye bei. Ukiajiri, sheria ya WIBA ya 2007, ya fidia kwa wanaoumia kazini, inakutaka uwe na bima ya majeraha ya wafanyakazi. Kijana wa vibarua akiumia, hospitali haitauliza kama alikuwa wa siku moja.

Hatua ya 6: Geuza kazi ya siku iwe ya mwaka

Kazi za kubahatisha zitakuchosha. Mteja akifurahi mara ya pili, mpe mkataba wa mwezi. Tukirudi kwenye ile 5,200, safari mbili ni 10,400 kila mwezi, bei moja mwaka mzima. Mweleze wazi: Aprili na Mei, na tena Novemba, nyasi hukimbia nawe utakuja mara tatu au nne; wakati wa baridi ya Julai na kiangazi cha Februari nyasi hulala, nawe utakuja mara moja, utie samadi, ukate ua, urekebishe kingo. Usikate zaidi ya theluthi moja ya urefu wa jani kwa wakati mmoja, hata mteja akisema "kata kabisa". Nyasi zilizonyolewa kwenye kiangazi hugeuka vumbi, na lawama ni zako.

Kupanda kupya kupange Machi mwishoni au Oktoba, mvua zikianza, upunguze gharama ya maji. Miezi ya ukame itumie kunoa visu, kubadilisha oili na kutembelea wateja wanaodaiwa.

Mikataba mipya itafute katikati ya Novemba, kabla watu hawajaenda ushago kwa Krismasi. Wanaogopa kuacha bustani wiki tatu bila mtu. Nenda na nondo yako, uombe dakika ishirini, na kabla hawajafunga geti hakikisha askari amekuonyesha swichi ya waya wa ukutani na bomba la nje linafunguliwa wapi.