Kupiga msuli kwa vipande: dakika 25 kitabu, dakika 5 pumzi

Mbinu hii si yangu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mwanafunzi wa chuo kule Italia, Francesco Cirillo, alijipimia muda wa kusoma kwa saa ya jikoni yenye umbo la nyanya. Ndiyo maana inaitwa Pomodoro, yaani nyanya kwa Kiitaliano.

Hatua ya 1: Andika kazi moja kwenye karatasi. Usiandike "Kemia", andika "maswali 6 ya moli".

Hatua ya 2: Tega dakika 25. Mimi natumia simu ya kitochi, haina cha kunirubuni.

Hatua ya 3: Kengele ikilia, kalamu chini, hata kama uko katikati ya swali. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanarudi wakiwa wamesahau walipoishia, wanaanza upya. Kabla hujanyanyuka, andika pembeni kwa penseli hatua inayofuata. Kama swali ni kutafuta moli za gramu 8 za NaOH, andika tu "gawanya kwa 40". Ukirudi, mkono unaendelea wenyewe (jibu ni moli 0.2, msinitafute).

Hatua ya 4: Dakika 5 simama, kunywa maji, tazama mbali macho yapumzike. Status usiguse! Niliwahi kufungua moja saa tatu usiku, nikashtuka saa nne na robo bado nafuatilia ugomvi wa Simba na Yanga.

Hatua ya 5: Baada ya vipande vinne, pumzika dakika 15 hadi 30. Oga, kula.

MASWALI

Mkuu, kwenye hesabu dakika 25 zinaisha kichwa ndio kwanza kinachemka.
– Ongeza ziwe 50, upumzike 10. Ila kwa mada za kukariri baki na 25.

Kaka, mimi niko bweni. Prepo ni saa mbili mfululizo na mwalimu wa zamu hataki mtu atoke.
– Pumzika hapo hapo kwenye dawati. Funga daftari, nyoosha shingo na vidole, tazama dirishani. Muda utauona kwenye saa ya mkononi. Stori na jirani hapana, hizo hazina dakika 5.

Nikilala hizo dakika 5 je?
– Hazitoshi hata kutafuta mto. Kama unasinzia tangu kipande cha kwanza, kalale kabisa, utege alamu ya saa kumi na moja alfajiri.