Wiki Moja Björkliden: Mwongozo kwa Anayetoka Nchi ya Joto

Mwezi wa pili wifi yangu alitoka Morogoro na wanawe wawili, nikawapeleka Björkliden, kijiji cha skii (kuteleza juu ya theluji kwa vibao virefu miguuni) kilicho juu ya ziwa Torneträsk huko kaskazini mwa Uswidi, zaidi ya kilomita 200 ndani ya Duara la Aktiki. Tangu warudi nyumbani simu yangu haipoi. Mwingine ana shemeji Stockholm, mwingine ameanza kudunduliza, wote wanauliza wenzao walifanyaje. Naeleza hapa, na sehemu ya viatu naomba uisome yote hata kama nyingine utaziruka.

Hatua ya 1: Chagua mwezi

Usiende Desemba. Najua picha za Krismasi zinavutia, lakini karibu mwezi mzima, kuanzia mwanzoni mwa Desemba, jua halichomozi kabisa. Unapata saa chache za mwanga wa buluu, kisha giza. Nenda kati ya mwisho wa Februari na katikati ya Aprili. Machi ndiyo ninayoipenda: mchana na usiku vinakaribia kulingana, kwa hiyo unateleza juani na usiku unazitafuta taa za kaskazini, ile miale ya rangi inayocheza angani. Majirani zao wa kijiji cha skii cha Riksgränsen, karibu kabisa na mpaka wa Norwe, hawafungui lifti za kuwapandisha watu mlimani mpaka Februari kwa sababu ya giza hilo, lakini huendelea hadi Mei.

Kabla ya kulipia chumba, angalia likizo za shule za Uswidi. Februari na Machi kila mkoa una wiki yake ya mapumziko, na Pasaka kila mtu anapanda milimani. Wiki hizo vyumba hujaa mapema sana.

Hatua ya 2: Viza

Utahitaji viza ya Schengen, yaani viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, Uswidi ikiwemo, na bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Unaweza kuomba miezi 6 kabla ya safari. Usingoje siku 15 za mwisho. Hakikisha bima inataja michezo ya theluji.

Hatua ya 3: Panda treni

Kuna ndege hadi mji wa Kiruna, na wenye haraka wataniambia ni saa moja na nusu tu kutoka Stockholm. Mimi bado nasema treni. Unapanda jioni Stockholm, unalala kitandani, kesho yake mchana unashuka Björkliden penyewe, na mizigo yako unaikokota hadi mapokezi. Ukishuka Kiruna kwa ndege bado una kama kilomita 100 za barabara yenye barafu.

Reli hiyo haikujengwa kwa ajili ya watalii. Ilizinduliwa 1903 kubeba chuma kutoka Kiruna hadi bandari ya Narvik, Norwe, ambayo bahari yake haigandi. Barabara ilifika 1984 tu. Mpaka leo mabehewa ya madini yanapita hapo usiku na mchana, na hapo ndipo tahadhari inapokuja: Desemba 2023 treni ya madini iliacha reli karibu na kituo cha Vassijaure, njia ikafungwa kwa wiki nyingi. Dhoruba nayo husimamisha treni. Usipange ndege ya kurudi Dar siku ileile unayotarajia kufika Stockholm. Acha siku moja nzima katikati.

Chakula nunua Stockholm. Sisi tulibeba unga wa mahindi, maharage na dagaa, tukapika kwenye kibanda chetu kila jioni.

Hatua ya 4: Nguo

Baridi ya kule inashindwa kwa ukavu na hewa iliyonaswa kati ya nguo. Unene peke yake hausaidii. Ngozini vaa sufu nyembamba ya merino (sufu laini ya kondoo) inayobana, juu yake sweta ya sufu au ya flisi, kitambaa laini chenye manyoya, nje koti na suruali visivyopitisha upepo. Jinzi na fulana za pamba ziache sandukuni, maana pamba ikinywa jasho haikauki, na jasho hilo ndilo litakalokutetemesha ukikaa kwenye lifti. Ukianza kuhisi joto, fungua zipu kabla hujatoka jasho.

Nywele suka twende kilioni. Mafundo na rasta nene havikai chini ya helmeti, na rasta zilizooshwa asubuhi hubaki na maji ndani siku nzima. Usoni paka mafuta ya mgando, losheni iache kwa usiku. Glavu chagua zile zinazoacha vidole vinne vikae pamoja.

Usisome namba ya joto peke yake. Nyuzi 10 chini ya sifuri zikiwa na upepo wa mita 10 kwa sekunde, uso wako unapata baridi kama ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Kila baada ya nusu saa tazamaneni nyuso. Ukiona kwenye shavu au pua ya mwenzako doa jeupe au la kijivu lililokakamaa, lifunike kwa kiganja chenye joto, muingie ndani mara moja. Usisugue, na theluji usiipake kabisa.

Hatua ya 5: Viatu na soksi

Hapa ndipo nilipopoteza siku nzima. Mara yangu ya kwanza, kwenye kilima kingine mbali na huku, nilivaa pea tatu za soksi za pamba kwa sababu akili yangu iliniambia baridi ni kali. Mguu haukuingia kwenye kiatu cha skii, ambacho ni cha plastiki ngumu. Nikaomba kiatu kikubwa zaidi, nikapewa bila swali. Baada ya dakika ishirini vidole sikuvihisi. Nikarudi, nikaongeza soksi ya nne, nikaomba namba kubwa tena. Mchana nilikuwa nimekaa chini kwenye chumba cha kukaushia nguo, damu inarudi kwenye vidole, nalia kwa maumivu.

Soksi nyingi hubana mguu ndani ya plastiki ngumu, damu haipiti, na mguu usio na damu hauna joto lolote. Vaa pea moja, nyembamba, ya sufu, inayofika gotini. Moja.

Wifi hakuniamini. Asubuhi ya kwanza alificha pea ya pili chini ya ile ya sufu. Kwenye lifti akanishika mkono: "Wifi, miguu siisikii." Tulirudi ndani, akavua, na kifundoni alikuwa na alama nyekundu ya mkunjo kama ya kamba.

Sasa kiatu chenyewe. Namba yake ni urefu wa mguu kwa sentimita, kwa hiyo ile ya kiatu chako cha kawaida isahau. Simama kisigino ukutani, pima mpaka ncha ya kidole kirefu. Pima jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo. Sentimita 25.5 ni 25.5. Ukikivaa, gonga kisigino sakafuni mara mbili tatu ndipo ufunge vifungo. Ukisimama wima vidole viguse mbele. Ukikunja magoti virudi nyuma kidogo, na kisigino kisinyanyuke. Kikikubana kama mkono unaosalimia kwa nguvu, ni sawa. Kikiwa na raha kama ndara, ni kikubwa, kirudishe.

Sufu ya ndani, yaani suruali ya merino, iishie juu ya kiatu. Ndani ya kiatu iwe soksi peke yake, hata mkunjo mmoja wa kitambaa utakuumiza mfupa. Pindo la chini la suruali ya nje linafunika kiatu kwa juu. Ukiwa kwenye lifti ndefu au unakula, legeza vifungo. Na usiku usiviache barazani: plastiki ikigandishwa huwa ngumu hata mtu mzima hawezi kuingiza mguu. Vipeleke chumba cha kukaushia.

Hatua ya 6: Teleza

Lipia mwalimu siku mbili za kwanza, usifundishwe na mumeo wala ndugu. Ncha za skii zikutane mbele, visigino vitanuke, ndiyo breki. Watoto walipoanguka mpaka wakakataa, niliwasimulia habari za Philip Boit, Mkenya aliyeanza skii 1996 na mwaka 1998 akashindana kilomita 10 kwenye Olimpiki ya Nagano. Alimaliza wa mwisho, na mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norwe, alikuwa bado anamngoja mwishoni dakika ishirini baadaye ili amkumbatie. Mkubwa akauliza, "Shangazi, alianguka mara ngapi?" Akainuka kabla sijajibu.

Hatua ya 7: Taa za kaskazini

Zima taa za kibanda, toka baada ya saa tatu usiku, yape macho muda yazoee giza. Upande huu, hasa kijiji jirani cha Abisko, milima ya magharibi huzuia mawingu, ndiyo maana anga huwa safi kuliko kwingi. Simu ikae mfuko wa ndani karibu na kifua, la sivyo betri inazima ukiitoa. Sisi tulisubiri mpaka usiku wa tatu. Zilianza kama moshi juu ya ziwa, zikageuka kijani, zikajaa juu ya vichwa vyetu. Mdogo alikuwa ameshalala. Wifi alimbeba nje na shuka lake.