Shuka na taulo: mambo ya kuzingatia kabla hujapokea mgeni Bagamoyo

Ukiwa na nyumba Bagamoyo unayotaka kuipangisha kwa siku mbili tatu, iwe Dunda karibu na Mji Mkongwe au huko njia ya Kaole, suala la shuka na taulo lisingoje mpaka mgeni wa kwanza apige hodi. Msimamo wangu ni kwamba shuka ni sehemu ya chumba. Anayepangisha kitanda bila shuka amepangisha godoro. Taulo zina mjadala wake kidogo, nitazifikia.

Wapo watakaokwambia Ulaya hawafanyi hivyo. Ni kweli, Denmark na Ujerumani nyumba nyingi za mapumziko humtaka mgeni aje na shuka zake, au azikodi hapo hapo. Lakini mgeni wa kule mara nyingi anafika na gari lake, buti limejaa. Wetu anatoka Dar, kilomita kama 70, na begi la mgongoni na mtoto mkononi. Aliyetoka nje ya nchi mizigo yake imepimwa kwa kilo uwanja wa ndege. Isitoshe, gesti nyingi za kawaida nchini humpa mgeni taulo, kandambili na kipande cha sabuni. Nyumba yako ya bei mara tatu ya gesti ikimpa pungufu ya hapo, atauliza analipia nini.

Kabla ya kwenda Kariakoo, hesabu vitanda, kisha hesabu watu. Idadi hizi mbili hazilingani kamwe. Sikukuu ya Idd au Pasaka, na zaidi siku za tamasha la pale TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo, nyumba ya watu wanne italala watu saba, na hao watatu wa ziada watataka shuka hata kama wamelala kwenye godoro la sakafuni. Kila kitanda kiwe na seti tatu: moja imetandikwa, moja inafuliwa, moja iko kabatini. Masika, kati ya Machi na Mei, hata tatu zinaweza kuelemewa, maana shuka inakaa kambani siku nzima na jioni unaianua ina ubichi. Ukiikunja hivyo hivyo, baada ya siku mbili kabati zima linanuka uvundo. Funga kamba moja barazani, chini ya paa, kabla mvua hazijaanza.

Vipimo navyo vinawaponza wengi. Unasema kitanda ni sita kwa sita, muuzaji anakupa shuka ya sita kwa sita, ukifika nyumbani inaishia ubavuni mwa godoro. Piga hesabu: upana wa futi 6 ni inchi 72. Godoro la unene wa inchi 8 linaongeza 16 kwa pande zote mbili, na ili shuka ichomekwe chini isichomoke usiku unataka walau inchi 6 kila upande. Jumla ni inchi 100. Nenda dukani na futi ya fundi cherehani, upime shuka yenyewe. Ile ya lastiki inaokoa muda wa kutandika, ila lastiki hulegea, na ikishalegea haina kazi.

Kitambaa kiwe pamba, au mchanganyiko ambao pamba ndiyo nyingi. Joto la Desemba hadi Machi si la kulalia poliesta, hasa umeme ukikatika na feni ikasimama. Shuka za mitumba msizidharau: nyingine ni pamba nzito kuliko mpya za dukani. Ila chemsha kwanza. Taulo na foronya nunua mpya.

Rangi ndiyo inataka kufikiriwa zaidi. Nyeupe inapendeza kwenye picha na inaonyesha usafi, lakini ulizia kwanza maji yako. Kama unafulia maji ya kisima yenye madini ya chuma, nyeupe itageuka njano taratibu, na watu wengi hapo hukimbilia jiki. Jiki inazidisha: inalifanya lile chuma lililoyeyuka ligande kwenye uzi kama kutu. Mafuta ya kujikinga na jua wanayojipaka wageni wa ufukweni nayo, baadhi yake yakikutana na chuma hicho, huacha madoa ya rangi ya chungwa kwenye foronya na pindo za taulo. Doa la namna hii linatolewa kwa asidi: kamulia ndimu, tia chumvi, acha juani kidogo, suuza. Hina mbichi ni habari nyingine. Bibi harusi akipumzikia shuka yako nyeupe, hiyo ihesabu imekwenda. Kwa hiyo kama hutegemei maji ya bomba, chukua rangi ya maziwa au kijivu chepesi, usihangaike.

Kabla ya kila mgeni, kagua mishono ya godoro na nyufa za kitanda kama kuna kunguni. Ukiwaona, shuka zifuliwe kwa maji ya nyuzi 60 au zaidi, maji ya baridi hayawaui. Chandarua kihesabiwe pamoja na shuka: tafuta matundu, na kama ni kile chenye dawa kifuliwe kwa sabuni ya kawaida na kuanikwa kivulini, bila jiki, dawa isiharibike.

Sasa taulo. Kila mtu apewe moja kubwa ya kuogea na moja ndogo ya mikono. Fua mara moja au mbili kabla ya kuzitoa, maana taulo mpya inasukuma maji badala ya kuyanyonya, na usitumie dawa ya kulainisha nguo kwa sababu inaziba uzi. Za ufukweni huna deni nazo, lakini usipoziweka, ile nyeupe ya bafuni ndiyo itakayokwenda baharini na kurudi na mchanga. Weka mbili tatu za rangi nzito, au kanga kuukuu kidogo, na uzionyeshe siku ya kukabidhi funguo. Mgeni wa mwezi mzima ni tofauti: mpe za kuanzia, kisha mkubaliane nani anafua.

Na kama umeamua kutotoa chochote, sema kabla hajalipa, wala usimwachie aulize mwenyewe. Ujumbe unatosha: "Dada, karibu sana. Nyumba ina vitanda, vyandarua na mito. Shuka na taulo tunaomba mje nazo." Gharama ya kumlipa mama anayefua iwe ndani ya bei ya usiku. Kumdai mgeni hela ya kufua anapoaga, begi liko mlangoni, ni kutafuta maneno.

Siku ya kuondoka, hesabuni vitu pamoja, wewe na yeye, kwa dakika tano. Taulo moja ikipungua iandike kwenye gharama za biashara. Zikipungua nne, mpigie simu kabla hajafika Bunju.