Kujiandaa kwa Kambi Ndogo ya Wanablogu wa Mapishi

Kabla ya kulipa ada, mwulize mwandaaji idadi ya washiriki, kwa kuwa katika kundi la watu 10 au 12 kila mmoja hupata zamu ya kupika, kupiga picha na kupokea maoni juu ya kazi yake. Mjulishe pia vyakula vinavyokudhuru. Beba betri ya akiba, lakini taa kubwa iache nyumbani, maana mwanga wa dirishani unaoiangukia sahani kutoka ubavuni huonyesha vizuri zaidi umbile la chakula (kwa hiyo wahi mapema meza iliyo karibu na dirisha). Chagua chapisho lililokushinda, si lile unalojivunia, ulipeleke likosolewe. Usichapishe mapishi ya mwenzako bila idhini yake, na ikiwa ulialikwa bila malipo, wajulishe wasomaji wako waziwazi.