Siku Mbili Usambara kwa Gari la Kukodi kutoka Tanga

Mtu wa Tanga anayetaka kupanda Usambara kwa gari la kukodi Jumamosi na kurejea Jumapili jioni anapaswa kwanza kuchagua upande mmoja wa milima, kwa sababu Usambara Mashariki na Usambara Magharibi zimetenganishwa na bonde la mto Lwengera, na anayetaka kuziona zote mbili kwa siku mbili ataona barabara tu. Upande wa Amani, yaani Usambara Mashariki, uko karibu zaidi, kupitia Muheza, lakini njia yake ya mlimani ni ya udongo na mawe, na mvua ikinyesha huhitaji gari la juu lenye kuvuta magurudumu yote manne. Kwa Lushoto, yaani Usambara Magharibi, safari ni ndefu zaidi lakini lami inakufikisha mpaka mjini. Kwa anayeanza mimi hushauri Lushoto, na maelezo haya ni ya huko.

Gari lichukuliwe Ijumaa mchana, kukiwa bado na mwanga wa kulikagua. Mji wetu ni tambarare, kwa hiyo gari linaloshinda kati ya Ngamiani na Raskazone linaweza kuonekana zima kwa miaka bila breki zake kuulizwa swali gumu hata moja. Liendeshe mwenyewe kabla ya kulipa: kanyaga breki kwa nguvu mahali pasipo na watu, uone kama gari linavuta upande mmoja au kama pedali inazama, kisha vuta breki ya mkono na ujaribu kuondoka taratibu, gari likiondoka bila kulalamika, liache hapo hapo. Fungua buti ushike tairi la akiba kwa mkono wako. Niliwahi kupewa gari ambalo tairi la akiba lilikuwa zuri kwa macho lakini halina upepo, nikaligundua hilo nikiwa Soni, njiani kupanda Lushoto, jeki ikiwa tayari imesimamishwa. Mkataba usomwe mpaka mwisho, hasa sehemu ya bima na ya nani analipa gari likiharibika njiani, na mikwaruzo yote ipigwe picha mbele ya mwenye gari.

Ondoka Tanga alfajiri. Baada ya Muheza na takriban kilomita 70 kutoka mjini utafika Segera, ambapo barabara inaungana na ile kuu itokayo Chalinze. Kata kulia kuelekea Korogwe. Mashamba ya mkonge yaliyonyooka hushawishi mguu kukanyaga mafuta, ila kila kijiji kina kibao cha kilomita 50 kwa saa, na trafiki wanavijua vibao hivyo kuliko wewe. Jaza mafuta Korogwe, kisha endelea mpaka Mombo, ambako njia ya Lushoto inachepuka kulia na kuanza kupanda mara moja.

Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 hivi, na hapo saa moja isikushangaze. Barabara ni nyembamba, upande mmoja jabali na upande wa pili korongo, na malori ya kabichi na mabasi hushuka kwa kujiamini kwa sababu madereva wake wanazijua kona kwa majina. Piga honi kabla ya kona isiyoonekana mbele, baki upande wako wa kushoto hata njia ikiwa tupu, na ukitaka kupiga picha maporomoko ya Soni, usisimame kwenye kona. Endelea mpaka penye upana wa kuegesha. Ukiegesha mlimani, ingiza gia, geuza magurudumu kuelekea ukingoni mwa jabali na uweke jiwe nyuma ya tairi.

Lushoto iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,400, na Wajerumani, walioiita Wilhelmstal, walipanda huko kukimbia joto hili hili la pwani tunalolizoea; beba sweta, hasa kati ya Juni na Agosti. Jumamosi alasiri nenda Irente, umbali wa kilomita chache kutoka mjini, ambako mlima unakatika ghafla na mashamba ya Mazinde yanaonekana chini kama mkeka uliotandikwa uani. Jumapili asubuhi inatosha kwa msitu wa Magamba: lipia kiingilio, chukua mwongozaji, tembea kwa miguu utazame mbega juu ya miti. Kijijini Mtae ni pazuri, lakini njia yake ni ndefu na ya udongo, kwa hiyo iachie wikiendi yenye Jumatatu ya mapumziko.

Anza kushuka kabla ya saa nane mchana, usije ukakutwa na ukungu au giza. Hapa ndipo wageni wengi wanapokosea. Breki ikikanyagwa mfululizo hupata moto, mafuta yake yanaweza kuchemka, na pedali ikawa laini kama sifongo wakati unapoihitaji. Shuka kwa gia ile ile ambayo ungepandia, ya pili au ya tatu, uiache injini ikushikilie, na breki uikanyage kwa vipindi vifupi. Gari la otomatiki lisiachwe kwenye D, bali lishushwe kwenye 2 au L. Safari yangu ya kwanza nilishuka gia ikiwa huru nikidhani ninaokoa mafuta, na chini ya Soni harufu ya kitu kinachoungua ikajaa ndani ya gari hata abiria wangu wakaanza kusoma dua. Harufu hiyo ukiisikia, egesha penye usalama, usimwage maji kwenye magurudumu, subiri nusu saa.

Ukifika Mombo, simama. Sogeza kiganja karibu na kila gurudumu bila kuligusa. Moja likiwa na joto kuliko mengine, breki yake imeng'ang'ana, na fundi wa pale pale aliangalie kabla hujaikabili barabara kuu. Mjini Tanga rudisha mafuta mlivyokubaliana, osha tope, na upige picha zile zile ulizopiga Ijumaa.