Bafa: simama nusu ya njia

Wanafunzi wangu wa tuisheni hapa Mbagala huharibu bafa, yaani mmumunyo unaozuia pH (kipimo cha uasidi) isibadilike sana, mahali palepale: wanamimina besi mpaka asidi yote inaisha.

Pima mililita 100 za asidi ya asetiki, ile inayotia siki ukali, yenye moli 0.1 kwa lita. Itayarishe kwa maji yaliyokenekwa. Ya visima vya huku kwetu yana chumvi. Vaa miwani na glavu, kisha ongeza mililita 50 za haidroksaidi ya sodiamu ya ukolevu huohuo, polepole, huku ukikoroga. Simama hapo! Nusu ya asidi imegeuka asetati (asidi iliyopoteza ioni yake ya haidrojeni), nusu imebaki asidi, na pH ni karibu 4.76. Hiyo ndiyo bafa. Ukimimina 100, inabaki asetati tupu na pH inaruka hadi karibu 8.7.

Sasa ijaribu. Hapa ndipo napenda kuona macho ya watoto. Tia mililita 1 ya asidi ya haidrokloriki ya moli 0.1 kwa lita. Kwenye mililita 150 za maji safi, pH ingeporomoka kutoka 7 hadi karibu 3.2. Kwenye bafa inashuka kama 0.02 tu, kwa sababu asetati inazidaka ioni za haidrojeni. Ukitia besi, ile asidi iliyobaki ndiyo inayoizima.

Asidi kali kama hiyo ya haidrokloriki haifai kuanzia: imeshaachia haidrojeni zake zote, na kloraidi inayobaki haizipokei tena.